Sanduku la Sheria: Msaada ni wa bure, ila siku hazikungoji

Barua za safari hii nyingi zimetoka Dodoma mjini na wilaya za jirani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: nina haki, sina hela ya wakili, nianzie wapi? Tumezifupisha, na majina hatukuyaweka. Mwenye haraka atangulie kwenye majibu yenye hesabu ya siku. Huko ndiko wengi wanakoangukia, tena haki wanayo mkononi.

Nauza karanga na ubuyu karibu na Sabasaba. Nasikia kuna mawakili wa bure. Mimi sina hata karatasi ya kuonyesha kipato, wataniamini? Halafu jirani yangu aliambiwa atoe elfu hamsini ya "kufungua faili". Ni halali?
*Mama wa watoto wanne, Dodoma mjini*

Tuanze na hiyo elfu hamsini, mama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inasimamia huduma hii, na msaada wenyewe maana yake ni huduma isiyolipiwa. Ushauri, kuandikiwa nyaraka na kuwakilishwa, vyote havina bei kwa anayestahili. "Kufungua faili" ndani ya kituo cha msaada si ada ya serikali wala ya mahakama. Anayeidai mwombe risiti ya shirika lake. Mara nyingi mazungumzo yataishia hapo.

Ada ya mahakama ni jambo jingine, nayo ni halali. Siku hizi shauri likisajiliwa unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, hela haipiti mkononi mwa karani. Asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe ada hiyo, lakini msamaha haujileti. Unauomba kabla hujalipa, na ombi linapata nguvu likiwa na barua ya kituo kinachokusaidia na barua ya mtendaji wa mtaa. Nauli na kutoa kopi bado ni juu yako, jipange mapema.

Kuhusu kipato, mstahili ni mtu ambaye hali yake haimruhusu kuweka wakili. Hakuna anayetegemea muuza karanga awe na hati ya mshahara. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, akuandikie barua inayosema unaishi wapi, unafanya kazi gani na una wategemezi wangapi. Barua inayosema tu "ni mkazi wangu, naomba asaidiwe" ni nyepesi mno, itakurudisha ofisini kwake mara ya pili. Beba na kitambulisho cha NIDA au namba yake, na kila karatasi inayohusu jambo lako hata kama unaiona ni takataka. Bahasha ya wito wa mahakama, kwa mfano, usiitupe. Tarehe uliyoupokea wito ndiyo inayoanzisha hesabu ya muda wa kujibu.

Wapi? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania vyote vina ofisi Dodoma. Kwenye halmashauri muulizie afisa maendeleo ya jamii anayekaimu kama msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria. Ndiye anayejua mashirika yaliyosajiliwa katika eneo lenu, na ndiye wa kumpelekea lalamiko la hela ulizotozwa. Msajili mwenyewe yuko Wizara ya Katiba na Sheria, Mtumba. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, nayo hupita mikoani na kwenye kata, na Wiki ya Sheria huja kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari. Ni nafasi nzuri za kupata ushauri, ila kuongea na mwanasheria kwenye hema si kufungua shauri. Ukiondoka pale bila jina la ofisi inayoendelea na jambo lako, umepata mazungumzo tu.

Msaidizi wa kisheria wa kata yetu ananiandikia barua vizuri na anajua sheria kuliko watu wengi, lakini amekataa kusimama nami mahakamani. Kuna bwana mwingine pale nje ya mahakama anasema kwa laki moja atasimama. Nimfuate?
*Kijana wa Kibaigwa, Kongwa*

Usimfuate. Huyo ni kishoka, yaani mtu anayejifanya wakili bila sifa, na huyo wa kata amekuonyesha heshima kwa kukukatalia.

Msaidizi wa kisheria si wakili. Kazi yake ni kutoa elimu ya sheria, kukuongoza ufike kwenye chombo sahihi, kukusaidia kupata nyaraka, na kuwashauri nyinyi wenye ugomvi mpatane pale inapowezekana. Kukuwakilisha mbele ya hakimu si kazi yake. Wakili naye anatambulika: jina lake hutafutwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Asiyeonekana humo, au aliyeonekana mwaka jana lakini mwaka huu hajahuisha, mshukuru uendelee na safari yako.

Kishoka ana madhara kuliko laki moja yako. Nyaraka ya mahakama inatakiwa ionyeshe aliyeiandaa. Akikuandikia mtu asiye na sifa, akaficha jina lake, upande wa pili ukaligundua hilo, nyaraka inaweza kukataliwa na siku zako zikawa zimekwenda nayo. Ukiandika mwenyewe, weka jina lako chini: "Imeandaliwa na mdai mwenyewe." Hakuna aibu hapo.

Hujasema shauri lako ni la nini, ila kama liko Mahakama ya Mwanzo, hofu yako ni kubwa kuliko inavyostahili. Kiswahili ndicho kinachotumika. Mawakili walikuwa hawaruhusiwi kabisa huko hadi sheria ilipobadilishwa 2021, na mahakama hizo zimeendeshwa miaka yote na watu wanaojisemea wenyewe. Kwenye madai, sheria inaruhusu pia ndugu au mtu wa kaya yako akusemee, mradi wewe mwenyewe uombe na hakimu akubali. Bibi asiyesikia vizuri anaweza kusemewa na mjukuu.

Sasa kosa linaloua mashauri ya watu wasio na wakili. Mtu anaambatisha kopi ya mkataba kwenye madai yake, anadhani mahakama imeshaupokea. Bado. Siku ya kutoa ushahidi lazima uuchukue mkataba halisi, useme ni kitu gani na ulikuwaje mikononi mwako, kisha utamke: "Naomba mahakama iupokee mkataba huu uwe kielelezo." Hakimu atamuuliza mpinzani wako kama ana pingamizi, kisha ataupokea na kuupa namba. Usipofanya hivyo, mkataba unaweza kukaa kwenye jalada hadi siku ya hukumu na usihesabiwe. Jambo la pili: shahidi wako asikae ndani wakati wewe unatoa ushahidi. Akae nje hadi aitwe. Tumeona hukumu ambazo shahidi mzuri alipungua uzito kwa sababu tu alikuwa benchi la nyuma akisikiliza.

Mbukwenyi wahariri. Marehemu baba alituachia ekari tatu za zabibu Hombolo. Mwaka juzi kaka mkubwa aliuza ekari moja na nusu kwa mtu wa mjini, kimya kimya. Nilishtaki Baraza la Kata mwaka jana, wakatuandikia hukumu kwamba shamba ni la familia. Mnunuzi amegoma kutoka, na mtendaji anasema hukumu hiyo haina nguvu. Tumeonewa?
*Mzee wa Hombolo*

Mbukwa mzee wetu. Hamjaonewa na mtendaji, amesema kweli. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halihukumu tena mgogoro wa ardhi. Limebakiwa na usuluhishi tu. Karatasi mliyopewa, hata ikiwa na muhuri na sahihi za wajumbe wote, haitekelezeki kama hukumu. Bahati mbaya kuna mabaraza yanaendelea kuandika "hukumu" kwa mazoea, na wananchi wanalala wakijua wameshinda.

Kabla hatujafika kwa mnunuzi, kuna swali linalotangulia: nani anashtaki? Shamba ni la marehemu. Wewe ni mtoto na mrithi, lakini mali ya marehemu hudaiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mashauri mengi ya ardhi ya urithi yanaondolewa kwa kosa hili moja, baada ya miaka miwili mitatu ya kuhudhuria, na kila mtu anaanza upya akiwa amechoka. Kwa hiyo anzia Mahakama ya Mwanzo ya eneo ambalo baba alikuwa na makazi yake. Unahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, unajaza Fomu Namba 1, kisha mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Muhtasari wa kikao cha ukoo si sharti la sheria lakini mahakimu wengi huuulizia, basi uwe nao. Hakikisha jina la marehemu limeandikwa sawasawa kwenye cheti, kwenye muhtasari na kwenye karatasi za shamba. Kama cheti kinasema Yohana na karatasi ya kijiji inasema Johana, tengeneza kiapo cha majina mapema, usingoje mpinzani aikamate tofauti hiyo. Na ukishateuliwa, una miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5. Wengi hulisahau hili kwa furaha ya kupewa barua ya usimamizi.

Ila kama huyo kaka ndiye aliyeteuliwa msimamizi na aliuza kwa cheo hicho, njia ni nyingine: unarudi kwenye mahakama ileile ya mirathi kuulalamikia usimamizi wake.

Tuseme msimamizi sasa ni wewe. Rudi Baraza la Kata, safari hii kwa usuluhishi, na jina lako liandikwe pamoja na cheo: "msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani". Wakishindwa kuwapatanisha watatoa cheti kinachosema hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kwenda mbele hata bila cheti, lakini tunza nakala ya lalamiko lako yenye muhuri wa siku walipolipokea, la sivyo utazithibitishaje hizo siku 30? Ukitoka hapo unaingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mshtaki mnunuzi, na mshtaki kaka yako pamoja naye. Inauma kumweka ndugu wa tumbo moja kwenye mashtaka, lakini aliyeuza asipokuwemo, uamuzi unaweza kutenguliwa kwenye rufaa kwa sababu hiyo tu. Omba pia zuio la muda, mnunuzi asijenge wala kung'oa mizabibu wakati shauri linaendelea.

Na shamba lielezwe. "Shamba langu la Hombolo" halitoshi. Kwa ardhi isiyopimwa andika kijiji au mtaa, kitongoji, ukubwa, kisha mipaka minne: mashariki linapakana na nani, magharibi kuna korongo, kaskazini njia ya ng'ombe, kusini mbuyu na shamba la nani. Tembea ukiwa na daftari, simama kila kona, andika unachokiona. Baraza linaweza kuja kuliona eneo, na mipaka ya kwenye karatasi isipofanana na ya ardhini, maswali yatakugeukia wewe.

Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, hivyo mwaka juzi si mbali. Usifanye hiyo kuwa sababu ya kungoja. Nyumba ikishasimama juu ya shamba, kila mtu anakuwa mgumu.

Msomaji mwingine wa Nzuguni ana jambo linalofanana, ila aliyechukua kiwanja chake ni halmashauri. Yeye asiende Baraza la Ardhi kabisa. Tangu 2020, anayeishtaki serikali ya mtaa lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, nakala zifike kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, kisha afungue Mahakama Kuu akimuunganisha Mwanasheria Mkuu. Hilo si la kufanya peke yako. Kama kuna shauri moja la kupigania upate wakili wa msaada, ni hilo.

Nilikuwa mlinzi wa kampuni binafsi miaka mitatu. Machi 3 nilitumiwa ujumbe wa simu kwamba kazi imekwisha. Nilikwenda ofisi moja ya msaada, wakaniambia nirudi baada ya wiki mbili, nikarudi, wakaniambia tena. Leo ni Aprili 20. Nimechelewa?
*Mlinzi, Ihumwa*

Kwa kuachishwa, ndiyo, kaka. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA kwa kifupi cha Kiingereza) ndani ya siku 30. Siku ya kwanza haihesabiwi, kwa hiyo Machi 4 ndiyo siku yako ya kwanza na Aprili 2 ndiyo ya thelathini. Umechelewa siku 18.

Mlango haujafungwa. Unajaza CMA F1, ambayo ndiyo lalamiko lenyewe, na CMA F2, ambayo ni ombi la kupokelewa nje ya muda, pamoja na kiapo. Tume itaangalia umechelewa kiasi gani, kwa nini, kama madai yako yana mashiko, na mwajiri ataumiaje ukiruhusiwa. "Nilikuwa natafuta msaada" pekee ni sababu dhaifu. Inapata uzito ukiwa na ushahidi: kadi ya miadi, ujumbe wa simu wa ile ofisi, barua yao inayotaja tarehe ulizofika. Kawaombe barua hiyo leo. Wakisita, andika kwenye kiapo tarehe na jina la ofisi, na uambatishe ulichonacho.

Mishahara unayodai ina hesabu yake: siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kama ulipaswa kulipwa siku uliyoachishwa, una hadi Mei 2. Usichanganye mambo haya mawili kwenye fomu kana kwamba ni moja. F1 ina sehemu ya kueleza aina ya mgogoro na tarehe ulipotokea, na tarehe ukiiandika ovyo unajifunga mwenyewe. Mpelekee mwajiri nakala kwanza, akusainie amepokea, uthibitisho huo ndio unaoambatana na fomu yako Tume. Kufungua hapo hakuna ada, na fomu unaweza kuijaza kwa mkono.

Ungeuliza mapema tungekwambia hivi: jaza F1 kwanza, wakili atafutwe baadaye. Hili tunawaambia wote wanaosoma.

Baraza la usuluhishi la ndoa lilitupa cheti Agosti mwaka jana baada ya kushindwa kutupatanisha. Nikasubiri wakili wa bure hadi Machi. Karani ameniambia cheti kimekufa. Miezi yote hiyo imepotea? Na mume anasema nyumba ni yake kwa sababu mimi sikuwahi kuajiriwa.
*Dada, Kondoa*

Karani yuko sahihi. Madai ya talaka lazima yaambatane na cheti cha baraza ambacho hakijazidi miezi sita tangu kitolewe. Chenu kiliisha Februari. Mrudi barazani, mwitwe upya, mpate kingine. Safari hii ukikipata nenda Mahakama ya Mwanzo wiki hiyohiyo. Pale hutahitaji wakili ili tu kufungua.

Kuhusu nyumba, usitishike. Tangu shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani 1983, kazi za nyumbani zinahesabika kama mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ila mchango hauhesabiki usipoelezwa. Andika: nyumba ilianza kujengwa mwaka gani, nani alichota maji ya kufyatulia matofali, nani aliwapikia mafundi, ulilima alizeti kiasi gani na hela ilikwenda wapi, nani alibaki na watoto mume akiwa safarini. Tafuta fundi aliyekula chakula chako aje aseme. Ukitamka tu "nilichangia", mahakama haina cha kupima.

Nimezaa na mwanaume ambaye hatukufunga ndoa. Yuko Singida, hatoi matunzo na sasa anasema mtoto si wake.
*Nkuhungu*

Ndoa haihusiki, mtoto ana haki ya matunzo kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, amwite. Asipokuja au akigoma, maombi yanakwenda Mahakama ya Watoto, na afisa huyohuyo anaweza kukusaidia kuyaandaa. Beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na orodha ya gharama za mwezi zenye tarakimu: unga, maziwa, ada, matibabu. Akiendelea kukana, kipimo cha vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi Dodoma, lakini huendi mwenyewe dirishani. Ni lazima uombewe, kwa mfano na mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Kumbukumbu za hela alizowahi kutuma kwa simu usizifute. Aliyetuma "ya maziwa ya mtoto" mwaka jana atapata kazi kueleza leo.

Nimeshindwa kwenye Mahakama ya Mwanzo, madai ya shilingi milioni mbili. Naambiwa nisubiri nakala ya hukumu ndipo nitafute wakili wa msaada wa kukata rufaa. Wiki tatu sasa nakala haijatoka.
*Mfanyabiashara mdogo, Mpwapwa*

Usisubiri hata siku moja zaidi. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30 tangu siku ya uamuzi, na sheria haidai uambatishe nakala ya hukumu. Kwa hiyo "nilikuwa nasubiri nakala" haikuokoi. Wenzako wengi wameikimbilia sababu hiyo ikakataliwa. Umebakiwa na takriban siku tisa.

Kaa chini leo uandike sababu za rufaa kwa kukumbuka kilichosomwa. Kila sababu mstari wake: hakimu alikosea kutopokea risiti niliyoitoa, hakimu alikosea kuamini ushahidi wa shahidi wa pili ambaye hakuwepo siku ya makabidhiano. Nne au tano zinatosha. Usisimulie kesi yote upya, na usilete ushahidi mpya humo. Msaidizi wa kisheria anaweza kukuonyesha mpangilio wa nyaraka hiyo. Isajili Mahakama ya Wilaya, lipa ada au omba kusamehewa. Siku zikikupita, itabidi uombe kuongezewa muda, na hapo utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa, moja baada ya nyingine.

Ukishindwa tena Wilayani, rufaa ya kwenda Mahakama Kuu nayo ina siku 30, lakini unaiwasilisha palepale Mahakama ya Wilaya, siyo Mahakama Kuu. Watu wa Mpwapwa hupanda basi hadi Dodoma mjini kwa hili, wakarudishwa, na siku mbili zikaisha njiani.